Ibn al-Baytar, Bingwa wa Mimea Aliyekataa Kunakili

Kabla hatujaingia kwenye wasifu wenyewe, hebu nikuulize swali dogo. Mwarobaini waujua? Bila shaka utasema waujua, manake hapa Pwani ni nadra kupata mtaa usiokuwa nao. Haya, na mwarobaini nusu je? Huo ni mti mwingine, ingawa ni wa ukoo mmoja na mwarobaini, na ukiwa na haraka utachuma majani yake ukidhani umepata dawa yako. Tazama vizuri. Jani la mwarobaini lina uti mmoja wa katikati, na vijani vyenye meno kama ya msumeno vimepangwa huku na huku. La mwarobaini nusu, ule uti nao hutoa vijitawi, na vijani hukaa juu ya vijitawi hivyo. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mwenzake yana zambarau. Na yale matunda ya manjano ya mwenzake, mviringo kama gololi, yana sumu. Mtoto akiyala, au mbuzi, mambo huweza kuharibika.

Sasa fikiria mtu anayeuza dawa sokoni, na yeye mti wenyewe hajawahi kuuona umesimama. Amesoma jina lake kitabuni tu, na kitabu kimenakiliwa kutoka kitabu kingine, na hicho kutoka kingine, kwa miaka 1,000. Mgonjwa anakuja, anaandikiwa jina, anapewa majani. Je, ni majani ya mti ule ule?

Swali hilo ndilo lililomtoa mtu mmoja kwao Malaga akiwa kijana na kumtembeza kutoka mwisho mmoja wa Bahari ya Kati hadi mwingine. Jina lake kamili ni Diyauddin Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad, lakini ulimwengu wamjua kwa Ibn al-Baytar. Baytar kwa Kiarabu ni mganga wa wanyama, hasa farasi. Kwa hivyo huyu bwana, aliyekuja kuwa mkuu wa wataalamu wote wa mitishamba katika Misri, tangu hapo jina lake lasema tu kwamba ni mwana wa mganga wa farasi.

Alizaliwa sehemu za Malaga, kusini mwa Andalus, mwishoni mwa karne ya 12 Miladia. Andalus, kwa vijana ambao hawajapata kuisoma, ni ile sehemu ya Uhispania na Ureno iliyokuwa chini ya Waislamu kwa karne nyingi. Wakati anazaliwa bado ilikuwa na miji mikubwa na vyuo na maktaba, lakini mambo yalikuwa yakienda kombo. Mwaka 1212, yeye angali kijana, jeshi la Waislamu lilishindwa vibaya katika vita vya Las Navas de Tolosa, na baada ya hapo miji ilianza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Elimu ya mimea aliipata Sevilla, mji ambao Waarabu wakiuita Ishbiliya, na mwalimu aliyemfinyanga hasa ni Abul Abbas an-Nabati. Huyu mwalimu lazima nimpe nafasi yake, manake bila yeye huwezi kumwelewa mwanafunzi.

Abul Abbas alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, alikuwa mwanachuoni wa Hadithi, mtu anayejua wapokezi mmoja mmoja: nani alimsikia nani, nani mkweli, nani alisahau uzeeni, nani alichanganya majina mawili yaliyofanana. Ya pili, alikuwa na duka la mitishamba. Ndiyo, duka, la kuuza na kununua. Na alipokuwa hayuko dukani utamkuta mlimani au kando ya mto akichungulia maua. Hata lile jina an-Nabati latokana na neno nabat, yaani mimea.

Watu wengi wakisoma habari zake huona kazi hizo mbili ni kama mashariki na magharibi. Mimi naona ni kazi moja. Anayechunguza Hadithi haridhiki na kuambiwa kwamba maneno haya yamesemwa. Atauliza yametoka wapi na aliyeyapokea alikuwepo au hakuwepo. Mpelekee mtu wa namna hiyo jani kavu, umwambie kwamba hili ndilo lile lililotajwa na wakale. Atakuuliza, ni nani aliyeliona likiwa bichi, wapi, mwezi gani? Abul Abbas alisafiri hadi Mashariki, akahiji, akakusanya Hadithi na mimea katika safari hiyo hiyo, na akaandika kitabu cha safari yake. Ibn al-Baytar alikuwa akitoka naye kwenda kuokota mimea nje ya Sevilla. Hapo ndipo alipofunzwa kutazama.

Lakini kutazama nini, na kwa nini iwe shida? Tuingie kwenye tatizo lenyewe.

Katika karne ya kwanza Miladia aliishi tabibu wa Kiyunani aitwaye Dioscorides, mwenyeji wa Anazarbus, mji ulio katika Uturuki ya leo. Aliandika vitabu vitano juu ya dawa, vikitaja mamia ya mimea. Katika karne ya 9, Baghdad, kazi hiyo ilitafsiriwa kwa Kiarabu na Istifan bin Basil, na bingwa wa tafsiri wa zama zile, Hunayn bin Is-haq, akaikagua. Mahali ambapo Istifan alijua jina la Kiarabu la mmea, aliliweka. Mahali ambapo hakulijua, alifanya jambo la kiungwana: aliliacha jina la Kiyunani kama lilivyo, akaliandika kwa herufi za Kiarabu, akitumai kwamba atakuja mtu baada yake ajue ni mmea gani.

Hebu jiweke mahali pa tabibu wa Cordoba aliyepokea kitabu hicho. Unasoma kuhusu dawa ya figo, na mmea wake una jina usiloweza hata kulitamka. Mmea wenyewe pengine umeota nyuma ya nyumba yako! Unaukanyaga kila siku, na wewe wauita kwa jina lingine la pale mtaani. Shida hii ilikuwa kubwa kiasi kwamba katikati ya karne ya 10 mfalme wa Constantinople alipompelekea Khalifa wa Cordoba, Abdurrahman III, nakala ya Kiyunani yenye michoro, ilibidi baadaye aletwe mtawa aitwaye Nicolas, mwaka 951 hivi, akae na matabibu wa Cordoba wayatafute majina pamoja. Walisuluhisha mengi. Hawakumaliza yote.

Kisha kuna shida ya majina kufanana. Chukua habasoda, ambayo nyumba nyingi za Waislamu hapa kwetu haikosi. Katika vitabu vya kale vya tiba utaikuta zaidi kwa jina shuniz. Na jina lenyewe la habbat as-sauda, yaani mbegu nyeusi, kuna watu walilitumia kwa mbegu nyingine kabisa, nyeusi pia, iliyokuwa dawa ya macho. Jina moja, vitu viwili. Sasa tabibu akiandika tu mbegu nyeusi, muuzaji atoe ipi?

Na juu ya hayo yote, kuna mwandishi anayenakili. Wewe uliyepita chuoni wajua kwamba bee, tee na thee ni umbo moja, tofauti ni nukta tu. Karani akichoka usiku, akaiacha nukta moja au akaiongeza, jina la mmea limekuwa jina lingine. Kwa neno la kawaida msomaji atatambua kosa. Kwa jina la Kiyunani la mmea wa mbali, nani atajua?

Basi karibu mwaka 1219 au 1220, Ibn al-Baytar aliondoka Andalus. Hakurudi tena.

Njia yake ilipita kaskazini mwa Afrika: Marrakesh, Bijaya, Constantine, Tunis, Tripoli, hadi Barqa. Safari kama hiyo wengine wangeifanya mbio mbio ili wafike Misri. Yeye ilimchukua miaka, manake alikuwa akisimama. Kila mahali aliwatafuta wanaojua mimea ya pale, awe tabibu, awe mchungaji, akawauliza jina kwa lugha yao, na akaenda kuutazama mmea mahali unapoota. Baadaye alivuka hadi nchi za Rum, yaani sehemu za Uturuki ya leo, na nchi za Wayunani, akikusudia kuisikia ile mimea ya Dioscorides ikitajwa na watu ambao lugha ya Kiyunani ni yao. Aliyekuwa akisoma jina kwenye karatasi kwao Malaga sasa alikuwa amesimama mbele ya mmea wenyewe na mwenyeji wake.

Nikupe mfano mmoja wa faida ya kuuliza wenyeji. Ni mfano ambao athari yake imefika mpaka hospitali za zama zetu.

Katika herufi ya alifu ya kitabu chake kikubwa kuna mmea uitwao atrilal. Jina hilo si la Kiarabu wala Kiyunani, ni la Kiberberi, na maana yake ni mguu wa ndege. Dioscorides hakuhusika hapa. Ibn al-Baytar aeleza kwamba dawa hii ilianza kujulikana Maghribi kutoka kwa kabila moja la Waberberi katika sehemu za Bijaya, waitwao Banu Abi Shuaib. Watu wenye baras, yaani yale mabaka meupe ya ngozi ambayo Kiswahili chayaita mbalanga, walikuwa wakiwaendea kutibiwa. Wao waliificha siri yao, wakirithishana baba kwa mwana, mpaka ikavuja.

Sasa tazama jinsi anavyokutambulisha mmea. Hakuachi na sifa za hewani, eti ni mzuri, una harufu njema. Anakwambia unafanana na shibiti kwa shina lake, kwa kichwa chake cha maua na kwa mizizi yake; tofauti ni kwamba shibiti ina maua ya manjano na huu una maua meupe. Mbegu zake pia amezilinganisha na mbegu ya mboga ambayo kila mpishi wa kwao aliijua. Yaani amechukua kitu unachokijua jikoni, akakupeleka nacho hadi kwa usichokijua, kisha akakuonyesha wapi vinaachana.

Na pale vinapoachana ndipo penye uhai na kifo. Ukitaka kuelewa, acha dania yako shambani ichanue usiichume. Utaona vijiti vyembamba vinatoka mahali pamoja na kufunguka kama mbavu za mwavuli, na juu yake viua vidogo vidogo vyeupe. Shibiti ni hivyo hivyo. Bizari nyembamba ni hivyo hivyo, na shamari, na karoti ikiachwa ikatoa maua. Wote ni ukoo mmoja. Atrilal ni wa ukoo huo. Lakini katika ukoo huo huo umo mmea ambao Waarabu wauita shaukaran, na Wayunani waliutumia kuwaulia waliohukumiwa kifo. Mwanafalsafa Socrates alinyweshwa huo mwaka 399 kabla ya Miladia. Huo nao una mwavuli wa maua meupe. Mtaalamu atakwambia tazama shina: la karoti mwitu lina vinyweleo, la shaukaran ni laini, lina uwazi ndani, na lina madoa ya zambarau. Ukilivunja, harufu yake ni kama ya mkojo wa panya. Mtu aliyenakili tu vitabuni hana habari ya doa wala ya harufu.

Matumizi ya atrilal alivyoyaeleza ni haya: mgonjwa hupewa mbegu zilizosagwa, kisha hukaa juani wakati wa joto, akiacha wazi yale mabaka, mpaka yafanye malengelenge. Kwa karne nyingi jambo hili lilibaki Misri kama dawa ya wenyeji. Kisha mwaka 1947 wanasayansi wawili wa Misri, Fahmy na Abu Shady, walitenga kemikali kutoka kwenye mbegu za mmea huo, na mwaka uliofuata daktari El Mofty wa Cairo alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa mbalanga kwa kemikali hiyo pamoja na mwanga wa jua. Mwaka 1974, Marekani, kemikali hiyo hiyo iliunganishwa na taa maalumu ya miale ya urujuanimno kutibu ugonjwa mwingine wa ngozi, na tiba hiyo ikaenea duniani. Kumbe ile habari ya jua haikuwa ushirikina wala mapambo. Dawa hii haifanyi kazi bila mwanga. (Na usije ukaenda kujipaka, tafadhali. Utomvu wa mmea huu ukikutana na jua waweza kukuunguza vibaya, na hospitali kipimo chake hupimwa kwa uangalifu mkubwa.)

Turudi kwa msafiri wetu. Misri wakati huo ilikuwa chini ya al-Malik al-Kamil, mpwa wa Salahuddin, aliyetawala kuanzia 1218 hadi 1238. Alimchukua Ibn al-Baytar katika utumishi wake na kumfanya mkuu wa wataalamu wa mitishamba wote wa Misri. Ni cheo kikubwa, na nadhani wengi wetu tungekipata tungekaa kitako. Yeye alikuwa akienda na mfalme hadi Sham, na kila akifika huko alitumia nafasi hiyo kwenda milimani. Al-Kamil alipofariki, mtoto wake as-Salih Najmuddin Ayyub alimweka Ibn al-Baytar kwa heshima ile ile.

Ni katika Damascus ndipo tunapompata shahidi mzuri kuliko wote. Mwaka 633 Hijria, sawa na 1235 au 1236, tabibu kijana aitwaye Ibn Abi Usaybia alikutana naye. Baadaye kijana huyu aliandika kamusi kubwa ya maisha ya matabibu, na mengi tunayoyajua tunayajua kwa kalamu yake. Hakuandika kwa kusikia, alisoma kwa Ibn al-Baytar mwenyewe na kutoka naye nje ya mji kuitazama mimea ikiwa mahali pake.

Darsa lenyewe lilikuwa hivi. Vitabu vinaletwa vyote: cha Dioscorides, cha Galen, cha al-Ghafiqi wa Andalus, na vingine. Mwalimu anataja mmea kwanza kwa jina lake la Kiyunani, vile alivyolihakiki mwenyewe katika nchi za Rum. Kisha anaeleza aliyoyasema Dioscorides juu ya sura yake na matumizi yake, kisha ya Galen, kisha ya waliofuata, akionyesha walipokubaliana, walipopishana na walipokosea. Kijana akirudi kuvipekua vitabu kimoja kimoja, anakuta hakuna kilichokwenda upande. Na lililomshangaza zaidi ni kwamba mwalimu hakutaja dawa yoyote ila alitaja pia imo katika makala ya ngapi ya Dioscorides au ya Galen, na ni ya ngapi katika hesabu ya makala hiyo. Yote kichwani.

Unaona sasa? Mtu huyu hakuwa adui wa vitabu, eti kwa sababu anapenda kwenda porini. Alivihifadhi kuliko waliovikalia. Alichokataa ni kitabu kuwa ndio mwisho wa habari.

Kijana alimsifu pia kwa tabia: mpole, mwenye uso mkunjufu, mkarimu, mwenye murua. Nalitaja hili kwa sababu wajuzi wa kukosoa wenzao mara nyingi huwa wakali, na Ibn al-Baytar alikuwa mkosoaji haswa. Aliandika kitabu kizima kuonyesha makosa na dhana potofu zilizomo katika kitabu cha Ibn Jazla, tabibu wa Baghdad aliyefariki mwaka 1100.

Zama hizo Sham ilikuwa na wapenzi wa mimea kwelikweli. Rashiduddin as-Suri, mzaliwa wa mji wa Sur ulioko Lebanon, alikuwa akipanda milima ya Lebanon pamoja na mchoraji mwenye rangi zake. Anamwonyesha mmea, mchoraji anauchora jinsi ulivyo, majani kwa idadi yake, matawi, mizizi. Na hawakuchora mara moja wakaondoka. Walichora mmea ukiwa mchanga unachipua, wakachora ukiwa umekomaa na mbegu zake, wakachora ukiwa umekauka. Fikiria akili iliyomo hapo! Mchicha unaochipua na mchicha uliotoa mbegu hufanana? Na duka la dawa huuza vitu vilivyokauka. Anayejua sura moja tu ya mmea atapotezwa na hizo mbili nyingine. Inasikitisha kwamba kitabu hicho cha michoro hakikutufikia.

Cha Ibn al-Baytar kimetufikia. Jina lake kwa ufupi ni al-Jami, yaani mkusanyiko wa dawa na vyakula, dawa zile zinazotumika moja moja bila kuchanganywa. Kina mimea, madini na vitu vitokanavyo na wanyama, jumla yake kama 1,400, na waandishi aliowanukuu ni karibu 150. Kitabu kingine, al-Mughni, kimepangwa kwa viungo vya mwili, kichwa, jicho, sikio na kuendelea, ili tabibu apate haraka anachotaka. Vyote viwili alimtunuku as-Salih Ayyub.

Ukifungua al-Jami, soma utangulizi usiuruke. Humo ameorodhesha makusudio yake, na mawili yanafaa kutiliwa mkazo. La kwanza, kwamba yale aliyoyaona kwa macho yake na kuyathibitisha kwa majaribio, na yale yaliyopokewa kwa njia anayoiamini, ameyashika. Na yasiyolingana na hayo ameyatupa, hata aliyeyasema awe mkubwa namna gani. Hapo ndipo namsikia Abul Abbas wa Sevilla, yule mtu wa Hadithi, akizungumza ndani ya mwanafunzi wake. La pili ni majina. Ameyatia kwa Kiarabu cha sehemu mbalimbali, kwa Kiyunani, kwa Kiajemi, kwa Kiberberi, na kwa ile lugha ya Kilatini iliyosemwa na wenyeji wa Andalus. Na ili karani mchovu asije akaharibu, majina mageni ameyaandikia maelezo kwa maneno: herufi hii ina nukta ngapi, ina fat-ha au dhamma, inayofuata ni ipi. Yaani alijua kitabu chake kitanakiliwa na watu ambao hawatauona mmea, akawawekea ulinzi mapema.

Na kilinakiliwa sana. Nakala zake za mkono zimetawanyika katika maktaba za dunia. Mwaka 1874 kilichapishwa Bulaq, Cairo, kwa juzuu nne, na kuanzia 1877 Mfaransa Lucien Leclerc alianza kuchapisha tafsiri yake kwa Kifaransa. Wanaochunguza historia ya mimea ya nchi za Bahari ya Kati hadi leo hukipekua, manake kinawaambia mmea fulani ulikuwa ukiota wapi karne ya 13 na watu wa pale wakiuitaje.

Ibn al-Baytar alifariki ghafla mjini Damascus katika mwezi wa Shaaban mwaka 646 Hijria, wiki chache kabla ya Ramadhan. Kwa hesabu ya Miladia ni mwishoni mwa 1248. Nilikuomba uweke jambo moja akilini kuhusu Andalus. Cordoba ilikuwa imeshaanguka tangu 1236. Sevilla, mji alioufunzwa, ulizingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ulisalimu amri tarehe 23 Novemba 1248, Shaaban hiyo hiyo. Vile vilima alivyokuwa akitembea na mwalimu wake vilipita mikononi mwa wengine mwezi ule ule aliokufa.

Abul Abbas mwenyewe alikuwa ametangulia miaka kama tisa nyuma. Kile kitabu alichoandika juu ya safari yake ya Mashariki kimepotea, hakuna maktaba iliyo nacho. Lakini ukifungua al-Jami, kwenye mmea huu na ule, utakuta imeandikwa kwamba haya ameyasema Abul Abbas, kisha yanafuata maneno yake: mmea una jani la namna gani, ua la rangi gani, aliuona wapi.